Altezza iliyotumika: gari moja kwa foleni ya Jumatatu na milima ya Jumamosi

Mtu anayeweza kumiliki gari moja tu, na anayetaka gari hilo limpeleke kazini siku tano za wiki kisha limpe raha ya kuendesha siku mbili zinazobaki, hana uchaguzi mpana katika soko la magari yaliyotumika la Dar es Salaam. Mimi nilichagua Toyota Altezza, toleo la AS200 la mwaka 2001, lenye injini ya silinda sita na gia za otomatiki. Nimelitumia kwa miaka mitano kati ya Kimara ninakoishi na Posta ninakofanya kazi, na katika safari nyingi za kwenda Bagamoyo, Morogoro na Lushoto. Ninayoyaandika hapa yanatokana na miaka hiyo, na ninamwandikia mnunuzi wa leo, ambaye kila Altezza atakayoonyeshwa imeshatimiza au kupita miaka 20. Hukumu yangu naitanguliza: ni gari zuri sana kwa kazi zote mbili, ila uzuri wake umebebwa na vyuma vya chini, ambavyo wauzaji hawavionyeshi na wanunuzi wengi hawaviulizii. Altezza iliyoharibiwa huko chini haifai kununuliwa, hata kama rangi yake inang'aa na injini yake inawaka kwa mara moja.

Gari hili lilianza kuuzwa Japani Oktoba 1998, likapata tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1998–1999, na uzalishaji wake ukaisha mwaka 2005. Ulaya na Marekani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, na wenzake walitengeneza saluni ndogo ya milango minne ambayo injini yake iko mbele, nguvu yake inapelekwa kwenye matairi ya nyuma, na kila gurudumu, la mbele na la nyuma, linashikwa na mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, mfumo ambao mafundi huuita wishboni. Kuutengeneza mfumo huo ni ghali kuliko ule wa shokapu iliyosimama kama nguzo, ambao ndio tunaouona kwenye magari mengi madogo ya mjini. Faida yake ni kwamba gari linapoinama kwenye kona, tairi hubaki limekanyaga lami kwa upana wake wote, na dereva huisikia barabara kupitia usukani bila kupigwa mgongoni na kila shimo. Hapo ndipo fedha za Toyota zilikwenda, na hapo ndipo macho ya mnunuzi yanapaswa kwenda.

Injini zake kuu ni mbili. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne yenye cc 1,998, ambayo ikiwa na gia sita za mkono hutoa nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 1,988, nguvu farasi 160 kwenye mizunguko 6,200. Vijana wengi wanaotafuta Altezza huanza na kumaliza kwenye tofauti hiyo ya farasi 50, na madalali wanalijua hilo, kwa hiyo RS200 yenye gia za mkono huuzwa kwa bei ya juu hata ikiwa imechoka kupita kiasi. Niliwahi kuazimwa RS200 ya rafiki yangu kwa wiki nzima, na sitaki kulivunjia heshima gari hilo: Jumamosi asubuhi, barabara ikiwa wazi, injini ile ikipita mizunguko 6,000 hubadilika sauti na tabia kabisa, na kiungo cha gia ni kifupi na kigumu kidogo, cha kupendeza. Lakini Jumatatu nililipeleka kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, na kutoka Kimara mpaka Ubungo sikuvuka gia ya pili. Farasi wale 210 wako juu kabisa ya mizunguko, mahali ambapo foleni haimruhusu mtu kufika, na chini huko gari linalomsaidia dereva ni lile linalosukuma taratibu na bila kutetemeka. Silinda sita za 1G-FE zinafanya hivyo. Msukumo wake wa juu, Nm 200, hupatikana kwenye mizunguko 4,400, nao wa RS200 ni Nm 216 kwenye mizunguko 4,800. Ukiwa katikati ya mji, tofauti ya namba hizo mbili hutaihisi.

Jambo jingine linalonifanya nimshauri mtu wa gari moja achukue AS200 ni mafuta. 3S-GE ya gia za mkono ina mgandamizo, yaani kiasi inavyoubana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya kuuwasha, wa 11.5 kwa 1, na huko Japani Toyota waliitaka petroli ya daraja la juu. 1G-FE ina mgandamizo wa 10 kwa 1 na iliundwa kwa petroli ya kawaida. Kwa mtu anayejaza mafuta popote taa ya tangi inapowaka, hiyo ni tofauti kubwa kuliko ya farasi. Kwa vipimo vyangu mwenyewe, nikigawanya kilomita kwa lita kila ninapojaza tangi, AS200 yangu hupata kilomita 7 hadi 8 kwa lita katika foleni na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na 11 hadi 12 katika safari ndefu ya mwendo wa utulivu. Hayo si matumizi ya gari dogo la cc 1,300, na anayetaka kubana mafuta kwanza kabla ya yote asipoteze muda wake hapa. Tangi la lita 70 linasaidia angalau kupunguza idadi ya mara za kusimama kituoni.

Otomatiki ya AS200 ina gia nne tu, na huo ndio udhaifu wake mkubwa kwa dereva anayependa mwendo. Ukitaka kulipita lori kwenye mwinuko, gari hufikiri kidogo, hushuka gia, injini inapiga kelele, kisha ndipo linaondoka. Nimejifunza kuipanga hatua hiyo mapema na kuachana nayo kabisa pale ambapo siioni barabara ya mbele yote. Kuna AS200 za gia sita za mkono, na kama ningeipata moja iliyotunzwa ningeichukua leo, maana inaunganisha injini laini na raha ya kubadilisha gia mwenyewe. Ni chache, lakini anayetafuta kwa subira huzikuta. Mwenye familia aulize pia kuhusu Altezza Gita, toleo la mgongo mrefu lililotoka mwaka 2001, ambalo lipo la lita 2 na la lita 3.

Kabla ya kufika kwenye Altezza niliyapima magari mengine, na nitayapita haraka. Toyota 86, iliyotoka mwaka 2012, ni gari la michezo hasa na huendesheka vizuri kuliko Altezza, lakini lina milango miwili na viti vya nyuma ambavyo mtu mzima hawezi kukaa mpaka Chalinze, na liko chini mno kwa matuta ya mitaa yetu. Mazda Roadster ina viti viwili tu, basi. Subaru Impreza WRX ina kasi inayotisha na inashika barabara hata kwenye mvua, ila sikuona hata moja niliyoamini kwamba mmiliki wake wa kwanza aliipa injini muda wa kupoa baada ya kukimbizwa. Mark X ya kizazi cha kwanza, yenye injini ya V6, lita 2.5 na nguvu farasi 215, ni gari la raha na lina nafasi, na kama safari zako za mwisho wa wiki ni za kukaa kimya na kufika, nunua hilo. Kwenye kona linaelea, na mimi kona ndizo ninazozifuata.

Kona zenyewe ziko kati ya Mombo na Lushoto. Ukiacha barabara kuu ya Segera pale Mombo unaanza kupanda, na kwa kilomita kama 30 barabara ni nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, kupitia Soni mpaka mjini. Hakuna mahali pa kwenda mbio hapo na wala sitaki mtu ajaribu. Mabasi yanashuka na watoto wanatembea pembeni. Lakini kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, Altezza yenye miguu mizima inageuka kwa namna ambayo sijaikuta kwenye gari jingine la bei yake. Unauzungusha usukani kidogo, pua inaingia, mgongo unafuata, na matairi hayalii. Mke wangu, ambaye hupata kichefuchefu kwenye magari yanayoyumba, hulala kwenye barabara ile. Safari za Kitonga, kule Iringa, zina ladha hiyo hiyo, ila malori ni mengi na uvumilivu unahitajika zaidi.

Sasa nije kwenye ununuzi, maana hapo ndipo nilipokosea na ndipo ninapotaka mwingine asikosee. Langu nililinunua kwenye yadi moja ambayo sitaitaja. Lilikuwa limepigwa rangi upya, viti vimesafishwa, rimu mpya za inchi 18, na muuzaji aliliwasha mara tatu ili nisikie injini. Niliridhika. Wiki ya pili nikaanza kusikia mlio wa "tok" upande wa kushoto mbele kila nilipopanda tuta huku nimekata kona. Nililipeleka kwa fundi mzee wa gereji za Ilala, ambaye hakuiangalia injini kabisa. Aliinua upande ule kwa jeki, akaweka stendi, akapitisha bomba la chuma chini ya tairi, akalipandisha na kulishusha polepole, kisha akaniita nichuchumae. Pale ambapo mkono wa chini unakutana na kitovu cha gurudumu palikuwa pakifunguka na kufunga kwa upana wa ukucha. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umepasuka na grisi imegeuka kuwa tope jeusi lenye mchanga. Akanyoosha mgongo, akaniambia, "Kaka, gari hili usiliwashe tena mpaka hiki kibadilishwe." Nilirudi nyumbani kwa daladala.

Kile alichonionyesha ni boljointi ya chini ya mbele, na kwa Altezza ndicho kifaa cha kwanza kukiangalia, kabla ya injini, gia na rangi. Kwenye mpangilio huu wa wishboni uzito wa mbele hupita kwenye boljointi hiyo. Ikilegea mno huweza kuchomoka, na gurudumu likajikunja chini ya gari. Hilo likitokea kwenye foleni utapata hasara ya bampa na mkono. Likitokea ukiwa kwenye kilomita 90 karibu na Mlandizi, ni jambo jingine kabisa. Zinazouzwa Kariakoo ni za viwango vingi, na za bei ya chini kabisa sizishauri. Nilizofungiwa kwanza zilianza kulegea ndani ya mwaka, na zile za ubora wa kiwandani nilizoweka baadaye zinaelekea mwaka wa nne.

Baada ya boljointi, tazama urefu wa gari kutoka ardhini. Altezza nyingi za hapa zimepitia mikono ya watu wawili wenye nia zinazopingana: mmoja alikata springi ili gari lilale chini lionekane la mashindano, mwingine akaliinua kwa kuweka spesa ili lisiguse matuta. Vyote viwili huihamisha mikono ile kutoka kwenye pembe iliyokusudiwa, na tairi huanza kukanyaga kwa ukingo mmoja. Dalili yake haihitaji fundi. Piga magoti, pitisha kiganja kwenye upande wa ndani wa tairi la nyuma, kisha upande wa nje. Kama ndani kumelika na nje kuna meno bado, gari hilo limechezewa au halijaenda kupimwa wili alaimenti, yaani pembe za magurudumu, kwa muda mrefu. Angalia pia ukubwa wa rimu. Kiwandani gari hili lilitoka na matairi ya inchi 16 ama 17, na yale ya 205/55 ya inchi 16 ndiyo yanayofaa mitaa yetu, kwa sababu ukuta wake wa mpira ni mnene na hupokea shimo kabla rimu haijalipokea. Nilizivua zile za inchi 18 mwezi wa tatu, nikarudisha za 16, na gari likawa jepesi mikononi siku hiyo hiyo.

Kwenye injini maswali si mengi. Zote mbili, 1G-FE na 3S-GE, hutumia taimingi belti, mkanda unaoendesha vali za injini kwa wakati wake, ambayo Toyota hutaka ibadilishwe kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hana risiti wala kumbukumbu yoyote, hesabu kwamba haijabadilishwa na uitoe gharama hiyo kwenye bei, pamoja na pampu ya maji, kwani fundi akishafungua huko haifai kuifunga ile ya zamani. Fungua mfuniko wa radieta gari likiwa baridi. Maji ya bomba yenye kutu yanaeleza namna lilivyotunzwa kuliko maneno ya mwenye gari. Liache likiwa limewaka kwa dakika 20 na kiyoyozi kikifanya kazi, na uangalie mshale wa joto kwenye moja ya zile saa ndogo tatu zilizowekwa ndani ya saa kubwa ya dashibodi. Ukipanda kupita katikati, ondoka. Kwa RS200, pima oili kabla ya kuliendesha na upime tena baadaye, na umwombe anayekufuata nyuma aangalie kama anaona moshi wa buluu unapoachia mafuta na kukanyaga tena. Kwa otomatiki, gia ziingie bila kishindo gari likiwa baridi na likiwa moto pia, kwa sababu kuna giaboksi ambazo hujificha mpaka zipate joto.

Ziko Altezza zilizobadilishwa injini na kuwekewa kubwa zaidi. Sizikatai kwa mtu anayejua anachokifanya, lakini si gari la kila siku la mtu mwenye gari moja, na mara nyingi namba ya injini iliyoko haifanani na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Linganisha kadi na gari kwa macho yako: namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi inaanza na GXE10 kwa AS200 na SXE10 kwa RS200, na wapo wanaobandika nembo ya RS200 kwenye gari lisilo lake. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, hakiki bima, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na ubadilishe umiliki TRA bila kuchelewa. Kuagiza Altezza kutoka Japani sasa hivi sikushauri, kwa kuwa umri wake unaifanya itozwe ushuru wa ziada wa uchakavu, na fedha hiyo ingetosha kuifanyia matengenezo yote ya chini gari lililoko hapa nchini.

Kwa hiyo bajeti yangu ningeigawa hivi: robo tatu kwa gari, na robo nzima ibaki benki kwa ajili ya miezi mitatu ya mwanzo. Hiyo robo itakwenda kwenye boljointi, bushi, shokapu, belti, matairi na breki, hasa zile pini za kalipa ambazo hukwama na kulifanya gari livute upande mmoja ukikanyaga. Anayetumia fedha yote siku ya kununua ataendesha gari bovu kwa mwaka mzima na kulisema vibaya bila haki.

Mwaka jana mdogo wangu naye alitaka Altezza, tukaonyeshwa mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, RS200, imelala chini, ekzozi kubwa, taa za nyuma mpya, na watoto wa mtaani waliizunguka tulipoijaribu. Ya pili ilikuwa AS200 ya kijivu, rangi ya boneti imepauka kwa jua, namba ya usajili ya herufi C, rimu zake za kiwandani za inchi 16, na mwenye nayo, mwalimu mstaafu wa Kibaha, alitoa bahasha ya risiti tangu mwaka 2014. Tuliziinua zote mbili kwenye gereji ile ile ya Ilala, kwa jeki na bomba lile lile. Nyekundu ilifunguka pande zote mbili, na springi za nyuma zilikuwa zimekatwa kwa gurudumu la kusagia; ya kijivu haikucheza. Mdogo wangu aliitazama ile nyekundu kwa muda mrefu kabla ya kusema lolote, na ninamwelewa. Alichukua ya kijivu, akabadilisha belti na shokapu za nyuma kwa fedha iliyobaki, na Desemba tuliongozana mpaka Lushoto, yeye mbele, mimi nyuma, nikiangalia matairi yake yanavyokanyaga kwenye kila kona ya Soni.